Majina Mawili ya Misa

Fundi cherehani wa kijijini kwetu Maretadu hubana pini midomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka madogo, upande mmoja wa mdomo. Vidole vyake vimekomaa kwa jembe, lakini hupitisha uzi kwenye sindano bila kuangalia. Akimaliza mshono huulainisha kwa kiganja, kama anayembembeleza mtoto. Wiki ile redio iliposema ubalozi wetu mmoja nje umeshambuliwa na maofisa wawili wameuawa, aliendelea kushona, ila mkono uleule wa sare ya shule aliushona, akaufumua, akaushona tena. Binti yake Natalia anafanya kazi katika ubalozi huo, na simu yake ilikuwa haipatikani. Sisi wateja tuliogopa kumuuliza.

Simu iliita akiwa ananipima gauni. Alitoa pini zote mdomoni, akaziweka mezani, ndipo akapokea.

“Shikamoo mama,” nikasikia sauti ya Natalia.

“Marahaba, mwanangu.” Akakaa sakafuni penye vitambaa, akacheka kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake, huku machozi yakimtoka. Kisha akatulia. “Na hao wawili, ni akina nani?” Akasikiliza. “Walikwenda kuzungumza na watu, hawakubeba hata fimbo. Waliowaua wamefanya ubaya mkubwa. Nitajie majina, taratibu.”

Aliyarudia mpaka akayashika. Akaniambia gauni litasubiri, akajifunga kitenge, akaenda parokiani kuwaombea misa. Njiani kila aliyemsalimia aliambiwa kwamba Natalia ni mzima, na kila mmoja alitajiwa majina ya wale wawili.