Sauti ya Pili ya Mama

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naona aibu, na sasa nimezeeka. Nilikuwa ndani ya gari la bosi hapa Riyadh, kule mtaa wa Olaya, nikimsubiri madam atoke dukani, daftari la nota nimeliegemeza kwenye usukani. Kabla sijaja kuendesha magari ya watu nilisomea muziki Nairobi, ule wa kutunga kwa kanuni, sauti nne zipishane bila kugongana. Kwaya yetu ya Bungoma iliimba nyimbo zangu, nami nikajiona mtu mkubwa sana. Riyadh ikanikausha. Kwa miezi saba nilikuwa na wimbo mmoja tu, na wenyewe una sauti ya kwanza peke yake. Zile tatu nyingine, kila nikiandika nafuta.

Wimbo ulikuwa wa mama. Alikuwa na saratani ya koo, na daktari alishamwambia kwamba sauti itaondoka polepole. Mama aliimba sauti ya pili kanisani tangu usichana wake. Nota hakujua hata moja, ila sikio alikuwa nalo. Aliniomba nimtungie wimbo auimbe angali anaweza, na Ijumaa hiyo akanipigia.

"Umefika wapi na wimbo wangu, Wafula?"

"Karibu, mama. Zimebaki sauti za chini."

"Nitumie hiyo ya kwanza tu. Ya pili nitaitia mwenyewe."

Nikacheka. Mimi, msomi mzima, nitume wimbo nusu, kisha mama aungeunge sauti kwa kubahatisha? Nikamwambia avumilie kidogo. Akasema haya. Hakubishana, na hilo ndilo linaloniuma.

Wiki tatu baadaye nilimpeleka bosi Jidda. Kwenye jengo alilofikia kulikuwa na mlinzi, Mzee Mutiso wa Machakos, mwimbaji wa besi huko kwao na mtu wa maneno machache. Tukinywa chai kwenye kibanda chake, jasho likitutiririka, nilimweleza jinsi nilivyokwama. Nilitegemea anionee huruma.

"Huyo mama anangoja wimbo ama anangoja cheti chako?" akaniuliza.

Nikajitetea kwamba wimbo haujakamilika.

"Mama yako anapoteza sauti na wewe unafutafuta daftari! Yalla, haya basi, imba hapa. Tuma saa hii."

Niliimba mbele yake nimeshika simu, nikatuma. Jioni akapiga dada yangu Nekesa, aliyekuwa akimuuguza mama. Kumbe sauti ilikuwa imekwenda tangu Jumanne, wakanificha ili nisichanganyikiwe nikiwa barabarani. Nekesa alimwekea simu sikioni. Mama akasikiliza mara tatu, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akabaki akipiga mapigo kwa kidole juu ya blanketi.

Tulimzika mwezi uliofuata. Wiki hiyo hiyo nilizimaliza sauti zote, kwa urahisi ulionichukiza. Kwaya inauimba mpaka leo na watu wanausifu. Sauti ya pili niliyoiandika haina kosa lolote. Ile aliyotaka kuitia mama sitaijua kamwe, na nimeitafuta sana.

Basi wewe tunayeishi nawe chumba kimoja hapa Batha, unayesukuma makaratasi ya wimbo aliokuomba mama yako chini ya godoro kila nikiingia, nisikilize. Kukwama si dhambi, kila mtunzi hukwama. Dhambi yangu ilikuwa kumfungia mlango mtu aliyenipenda mpaka nimalize kupamba nyumba. Ukiwa na mstari mmoja, toa huo mmoja, hata kama unachechemea. Muache mwenzako atie chake. Na anayekuomba akiwa hai, mjibu akiwa hai, kwa sababu makofi ya makaburini mimi nimeyapata na hayana ladha.

Mungu akulinde katika nchi hii ya watu, asiikaushe mikono yako, na ampe mama yako pumzi ya kuimba ulichonacho. Mpigie sasa. Mimi natoka nje, nakuachia chumba.