Kuvu Ngeni Kwenye Visahani vya Mke Wangu

Mke wangu anatafuta kuvu. Ndiyo, kuvu, na analipwa! Zipo zinazoishi ndani ya majani ya msonobari, yale membamba kama sindano, na mti wenyewe wala hauna habari. Huko maabara anayaosha majani kwa spiriti, anayakata vipande, anavilaza kwenye visahani, halafu anangoja zichomoze azitambue. Mama yangu, tunayeishi naye, alipoelezwa alishika kichwa.

"Mimi nimepigana na ukungu maisha yangu yote, mwenzangu anaufuga!"

Mama huosha hata sabuni kabla ya kuitumia. Simzulii.

Basi mambo yakaharibika. Kila kisahani kikajaa kuvu moja ya kijani, mvamizi tu wa kutoka nje, ikazimeza zote za msonobari. Bosi akasema mwezi ukiisha bila visahani safi, kazi anapewa mwingine. Mke wangu hali, halali. Akapangusa meza, milango, nusura ampanguse na bosi. Wapi!

Jioni moja akanivutia jikoni.

"Nimeipata inakotoka," akanong'ona. "Ni kwenye sweta hili nililoshika."

Sweta lile alipewa na mama, kwa kuwa maabara ina baridi. Sasa nani amwambie mama yangu, yule mama yangu, kwamba kitu chake kina ukungu?

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Wewe ndiye mtaalamu!"

Tukasukumana hivyo mpaka mama mwenyewe akatokea mlangoni. "Mnateta nini humo?"

Mke wangu akamweleza, macho chini. Mimi nikajikunyata nikisubiri kelele. Mama akavuta kiti, akakaa.

"Lilikuwa la baba yenu," akasema. "Tangu tumzike sijalifua. Lilikuwa bado lina harufu yake."

"Sasa mama, mbona ukanipa mimi?"

"Nilikuona unatetemeka, mwanangu. Baba yenu asingenisamehe." Akafuta macho kwa kanga. "Haya, lete nilichemshe."

Mke wangu akalikumbatia. "Halichemshwi, mama. Tutalifunga kwenye mfuko, libaki hapa nyumbani. Kazini nitavaa koti."

Mama akalichukua, akanisogezea puani. "Hebu nusa. Si bado yupo?"

Nikanusa. Loo! Ukungu mtupu.

"Yupo, mama," nikasema, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka.