Msusi Mwenye Vidole vya Ganzi

Pale saluni walimwita Mkono Laini, na hawakumpa jina hilo kwa kumpamba. Huyu mama alikuwa anakusuka kichwa kizima huku unasinzia, unaamka umependeza. Watoto wanaolia wakiona kitana, kwake walijipeleka wenyewe.

Sasa we, siku hiyo amemaliza kumsuka mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Mwalimu kasimama mbele ya kioo, macho yamemtoka, nyusi zimepanda, hata kufumba jicho hawezi. "Dada, umenisuka au umeniadhibu?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Mkono Laini naye akacheka, lakini moyo ulimlipuka. Msusi hapimi mvuto wa nywele kwa macho, anaupima kwa ncha za vidole, na ncha zake zilikuwa zimekufa ganzi. Alikuwa anavuta zaidi ili ahisi kitu, na hakuhisi kitu.

Akaenda hospitali, akaeleza ganzi ya vidole na kizunguzungu. Loo, huko nako! Daktari wa kwanza akasema ni uchovu, apumzike. Apumzike, watoto wale mawe? Wa pili akasema ni umri. Umri gani, mwanamke hata mjukuu hana! Wa tatu, angalau, alipima damu, akaikuta ndogo, akampa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia ale maini. Akala maini mpaka paka wa jirani akamwonea wivu. Damu ikapanda. "Umepona, mama," wakamwambia. Kapona wapi? Kizunguzungu kile kile, miguu inayumba, ulimi unawaka kama kaunguzwa na chai, na vidole ndiyo usiseme. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha, alitangaza mpaka sauti ikamkauka!

Wifi yake, dada wa mumewe, naye mdomo haukulala. "Kazi imemshinda, anatafuta sababu." Wateja wakapungua. Mwenye saluni, mtu wa huruma lakini si mjinga wa biashara, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, usipopata nafuu, kiti chako itabidi nimpe mwingine." Hapo ndipo alipolia. Kusuka ndiyo kazi pekee aliyoijua, na ndiyo iliyowalea wanawe.

Wiki hiyo hiyo akaketi mteja mgeni, binti mmoja daktari. Mistari miwili tu, akaruka kitini. "Yalaa! Mama, unasuka au unang'oa?"

"Nisamehe, mwanangu. Vidole vyangu havihisi."

Mwingine angeondoka akisonya. Yeye akageuka mzima mzima. "Tangu lini? Hebu toa ulimi."

"Hapa, mbele za watu?"

"Toa, mama!"

Ulimi mwekundu, laini, unang'aa. Daktari akasahau habari ya nywele, akauliza miguu, akauliza vidonge. "Kesho njoo kliniki kwangu. Kuna kipimo sidhani kama wamekufanyia." Akafunga kitambaa kichwani, akaondoka kasukwa nusu.

Majibu yakatoka: vitamini B12 ilikuwa chini kabisa. "Hata ungekula ng'ombe mzima," daktari akamweleza, "tumbo lako haliwezi kuifyonza. Vile vidonge vilipandisha damu vikaficha ugonjwa, na mishipa ya fahamu ikazidi kuumia. Utachomwa sindano maisha yako yote."

"Kwa hiyo naumwa kweli?"

"Kweli."

"Si uvivu?"

"Hata chembe."

We! Mama akatoka mbio mpaka kwenye benchi la wagonjwa. "Jamani, naumwa! Naumwa kweli!" Watu wakatazamana. Mzee mmoja akapiga makofi, hajui anashangilia nini. Mumewe alipopigiwa simu akasema pole, akasema hongera, akarudia pole.

Lakini vidole je? Daktari hakumdanganya: mishipa iliyoumia muda mrefu huenda ikarudi, huenda isirudi. Sindano zikaanza. Nguvu zikaja kwanza, kizunguzungu kikaaga, ulimi ukatulia. Vidole, kimya. Mwenye saluni akavumilia, akampa kazi ya kuosha vichwa na kumalizia misuko ya wenzake.

Basi asubuhi moja alikuwa anachovya ncha za rasta za mteja kwenye maji ya moto ili zisifumuke, mkono ukateleza ukazama.

"Yalaaa!"

Beseni likaanguka. Wenzake wakamkimbilia na maji baridi. Akawasukuma, machozi yanamtiririka, anacheka, kainua vidole juu.

"Acheni kwanza! Niacheni viume!"