Namba Nne Kwenye Muundi

Dole gumba la mguu wangu wa kushoto lilivimba likawa kama kitunguu, na zahanati ikaliandika kuwa lina funza. Mwaka ule wakubwa walikuwa na vita vyao vya dunia. Mimi nikaanza vyangu.

Yule tuliyemwita daktari alikuwa na utaratibu wake. Wagonjwa wa miguu tuliketishwa kwenye benchi la nje, miguu tumeinyoosha mbele kama samaki wa kuuzwa, naye akapita na kijiti na kopo la dawa ya zambarau. Akishauliza, humchora mtu namba kwenye muundi, chini ya goti: moja kidonda, nne funza, tisa kuumia. Karani mezani hainui hata macho, hunakili miundi kitabuni. Kazi ilikwenda mbio. Ila daktari mgongo ulimsumbua, kuinama hataki, na akiona mtoto pekupeku analalamikia kidole, mkono ulikuwa umeshazoea.

"Nini?"

"Kidole, Bwana Daktari, lakini..."

"Nne."

Nne ile haikutoka kwa sabuni, ndimu wala majivu. Mwalimu aliiona kabla ya kuuona uso wangu. Shuleni kwetu mwenye funza haingii darasani mpaka zahanati iseme hana, na Jumatatu ulikuwa mtihani wa kuvukia shule ya juu. Nikiukosa, narudi kwetu Rabai kulima. Baba, kuli wa bandarini, alikuwa keshanionyesha jembe lenyewe. Alilitia mpini mpya, Mungu ambariki.

"Mwalimu, wallahi si funza."

"Si wewe uliyesema hesabu zako zimeliwa na mbuzi?"

"Mbuzi yule alikuwa wa kweli!"

"Nenda zako."

Jumamosi, kabla jua halijachoma, nilikuwa mwanzo wa benchi. Mama alinipa dada yangu mdogo anisindikize, nami njia nzima kutoka Magongo nilimnunulia mabuyu ili afunge mdomo.

"Wewe nimeshakuandika," daktari akasema.

"Si funza, Bwana Daktari. Inama utazame."

Benchi zima likaguna. "Mtoto wa nani huyu, anamwinamisha daktari?" akauliza mama mmoja mwenye kidonda cha kisigino.

"Funza ana kidoa cheusi," nikasema. "Kitafute. Ukikiona, likate dole lote, sitalia."

Akainama, kwa kuugua kuliko sisi wagonjwa. Akalibonyeza dole. Nikalia. Kidoa hakikuwapo, ila ukucha wote ulikuwa mweusi tii.

"Umeumia," akasema. "Lakini tisa haiandikwi bila chanzo. Ulifanya nini?"

Mtaa wetu mzima ulinijua mimi ndiye mchezea watu. Mimi ndiye niliyemtilia mjomba chura kwenye kofia. Sasa niseme nini?

"Nilipiga mpira."

"Mpira haufanyi hivi."

"Ulikuwa wa soksi ya askari. Ndani mna jiwe."

"Nani alilitia?"

Nikamkazia macho dada yangu. Akayameza mabuyu yangu, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi, Bwana Daktari! Nikamwambia, 'Kaka, piga tuone nguvu zako,' akarudi nyuma kabisa, akaja mbio!"

Mama wa kisigino alicheka akausahau ugonjwa wake. Daktari mwenyewe aliketi benchini, kashika mgongo, machozi yanamtoka. Kisha akaikata ile nne mistari miwili, akachora tisa kubwa.

"Karani! Dole gumba, kushoto. Chanzo: alipiga jiwe. Alidanganywa na dada yake mdogo."

"Bwana Daktari, lazima dada aandikwe?"

"Wataka tisa, hutaki?"

Nililifikiria jembe na mpini wake. "Aandikwe," nikasema.

Jumatatu Mwalimu alikipokea cheti changu cha zahanati mlangoni, akalisomea darasa zima. Halafu, kwa raha zake, akakisoma tena. Nikapita katikati ya kicheko nikichechemea, nikaketi. Wa nyuma yangu akaviringisha karatasi, akaisukuma mpaka mguuni pangu.

"Piga tuone," akanong'ona.

Nikachovya kalamu kwenye wino, nikaanza swali la kwanza.