Mama Kwenye Kalenda

Juzi, katika ofisi ya kampuni moja mjini Bariadi, nilimwona mama yangu ukutani. Yumo kwenye kalenda, amepiga magoti kwenye tope, mdomo wazi, mikono ikiupokea mfuko wa unga.

Harufu ya alasiri ile kampuni hiyo ilipotuletea msaada ilinirudia: tope, pamba iliyooza, moshi wa gari lao. Mafuriko yalikuwa yamebomoa nyumba yetu kule Nkololo, na tangu jana yake hatukuwa tumekula.

"Mama, rudia tena," alisema kijana mwenye kamera, huku akiuchukua tena mfuko mikononi mwake.

Nilidhani wanapenda sana kuamkiwa, maana kwetu mwanamke humwamkia mgeni kwa magoti.

"Mayu, wanatupa au hawatupi?" nilinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni haulizwi hivyo."

Akapiga magoti mara tatu, ndipo wakamwachia mfuko.

Chini ya picha wameandika: "Tuliwafikia." Anayeitazama atadhani mama anaomba unga. Mimi nilikuwa ubavuni pake, nilimsikia. Alikuwa akiwaamkia, akiwataka radhi kwamba maji yamechukua viti, hana pa kuwakalisha.

Hakuna hata mmoja aliyemwitikia.