Chavua ya Haji Abdesatar

Bi Aljia alikuwa mwosha maiti, tena mcheshi kupita kiasi. Hapa kijijini Bir Hamra hakuna mwanamke aliyezikwa, tangu nywele za Aljia zilipokuwa nyeusi, bila kupita mikononi mwake. Watu walimpenda, ila hawakufurahi kumwona akibisha hodi penye mgonjwa. "Nimekuja kukuangalia, sikuja kukupima sanda," alimwambia mgonjwa, naye mgonjwa akacheka, na wengine wakapona. Mwenyewe alidai kuwa ni kicheko kile kilichowaponya, wala hapakuwa na mtu mwenye ushahidi wa kumpinga.

Dini kwake ilikuwa kazi ya mikono. Alijua kupasha maji yasiwe ya moto mno, maana maiti naye ana haki yake. Alijua kusuka nywele za bibi aliyekufa huku akimwongelesha taratibu kana kwamba yu hai. Alikuwa ameona ndugu wawili waliosusiana miaka kwa ajili ya mfereji wa maji wakibeba jeneza moja, bega kwa bega, na waliporudi kutoka makaburini wakala kuskusi kwenye sinia moja. "Hapo ndipo ninapomwona Mungu," alikuwa akisema. "Hayo mengine waulizeni wenye vilemba."

Basi mwaka ule likazuka la kuzuka. Shehe mmoja wa kwenye simu, ambaye hata nchi yake hatukuijua, alipiga hesabu zake akatangaza kwamba Ijumaa ya katikati ya Ramadhani ukelele utashuka kutoka mbinguni, na kabla ya Idi dunia itakunjwa kama mkeka. Video ile ilizunguka kijijini haraka kuliko habari za harusi. Wengine walicheka hadharani wakaogopa vyumbani. Wengine walikwenda dukani wakazoa unga, mafuta na nyanya za makopo, mpaka rafu zikabaki na sabuni tu. Mkwezi Khmais, mtu mfupi mwenye ulimi mrefu, alisimama mlangoni mwa duka akiwatazama wakitoka na magunia.

"Dunia inaisha Ramadhani hii, na huyu kanunua unga wa mwaka mzima!" alipiga kelele. "Atawapikia malaika?"

Yangebaki ya kuchekwa tu, kama si Haji Abdesatar kuyaamini. Huyu alikuwa kaka yake Aljia, wa tumbo moja, mzee mcha Mungu ambaye hajamdhulumu mtu hata kivuli. Na ndiye aliyekuwa na mitende dume.

Hapa lazima niseme kosa letu. Mtende jike hauzai tende za maana peke yake. Karara lake, lile ganda linalofunika maua, likipasuka, mkwezi hupanda akachomeka vijiti vya maua ya dume yenye chavua katikati ya maua ya jike, akafunga, na ayafanye hayo mapema kwa sababu ua halimsubiri mtu. Zamani kila shamba lilikuwa na dume lake. Bei ya tende ilipopanda tukajiona wajanja: dume halizai, linakunywa maji bure, la nini? Tukayang'oa, tukapanda majike mahali pake. Yalibaki ya Haji tu, kando ya lango lake, na desturi yetu ni kwamba chavua haiuzwi. Kila majira ya maua Haji alifungua lango, Khmais akakata makarara, kila mtu akaenda zake na fungu lake. Kijiji kizima tulikuwa tumetundika riziki yetu kwenye lango la mtu mmoja, na hatukuliona hilo mpaka alipolifunga.

"Rudini mkatubu," aliwaambia waliokuja na vikapu. "Tende za kuliwa na nani? Hazitaiva kabla ya Saa ya Kiyama."

Khmais naye aliambiwa abaki kwake. Shehe Lamin, imamu wetu, kijana mpole asiyependa makelele, alisimama baada ya sala akasema kwamba elimu ya Saa iko kwa Mungu. "Hakuniambia mimi," alisema, "na sidhani kama amemwambia mtu wa kwenye simu." Haji alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akarudi nyumbani akatia komeo. Walikuwapo vijana waliotaka kuruka ukuta. Imamu akawakatalia katakata. "Tende za wizi mtazifuturia vipi?" aliwauliza, nao wakainamisha vichwa. Huku nyuma makarara ya majike yalikuwa yakipasuka, kila asubuhi mengine, na maua yake meupe yakianza kunyauka.

Kuosha maiti hakulipwi. Kilichomlisha Aljia ni mitende michache aliyoachiwa na marehemu mumewe, na bila chavua angekaa mwaka mzima akiombaomba. Lakini lililomuuma zaidi ni kaka yake. Alikuwa akimjua tangu utotoni, na hakuwahi kumwona akimfungia mtu mlango.

Alasiri moja akaenda kugonga. "Fungua, ni mimi. Sikuja na kikapu."

Alimkuta ameketi kwenye mkeka chini ya mitende dume, tasbihi mkononi. Makarara yalikuwa yamefumuka juu ya kichwa chake, na vumbi la chavua lilikuwa likimdondokea mabegani bure bilashi. Haji alifurahi kumwona.

"Umefika wakati mzuri, mdogo wangu. Nina haja nawe. Nishonee sanda."

"Sanda ya nani?"

"Yangu. Mkono wako hauna mfano."

Aljia akaketi, akajiweka sawa. "Kaka, huo ukelele ukija tunakufa sote?"

"Sote."

"Mimi na wewe na Khmais?"

"Aljia, sote nimesema."

"Sasa hiyo sanda utavishwa na nani? Mimi nitakuwa nimelala chali huko, Khmais kalala chali, na anayewaosha wanaume naye ndio hivyo hivyo. Au utajivika mwenyewe, ujiswalie, halafu ujibebe mpaka makaburini?"

Haji aliacha kuvuta tasbihi. Ndevu zikamtetemeka, na Aljia hakujua kama ni hasira au kicheko.

"Usikifanyie mzaha Kiyama."

"Kiyama sikifanyii mzaha. Nakufanyia mzaha wewe."

Haji alikuwa akitazama mtende jike mmoja uliosimama karibu na nyumba, si mrefu sana, mnene wa shina. "Ule wa Dhahbia umepasuka jana," alisema.

Dhahbia alikuwa mkewe. Alikufa mwanzo wa baridi, na Aljia ndiye aliyemwosha. Mtende ule aliupanda Dhahbia mwaka alioolewa, na katika mitende yote ni huo tu ambao Haji hakumruhusu Khmais aukwee. Aliukwea mwenyewe, mkewe akisimama chini akimpandishia vijiti vya maua kwa kamba na kumkemea kwamba anafunga ovyo.

"Sitaki uzae," Haji alisema. "Nani atazichambua tende zake? Miaka yote ni yeye. Nitazitazama vipi zikiiva?" Alisugua uso kwa kiganja. "Nilipomsikia yule mtu kwenye simu, Mungu anisamehe, niliona raha. Wenzangu waliogopa. Mimi nilisema, alhamdulillahi, basi sitafika kwenye mavuno bila yeye."

Aljia alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine makali. Yote yalimpotea. Aliumia kwa ajili yake, na aliona haya pia, kwa kuwa tangu mazishi alikuwa amemletea kaka yake supu ya shurba na mikate na vichekesho, ila hakuwahi hata siku moja kulitaja jina la Dhahbia mbele yake. Akalia. Kaka yake akalia naye. Walilia vizuri, kama inavyotakiwa, mpaka wakachoka.

"Nilimsuka nywele kwa mikono hii," Aljia alisema. "Bado zilikuwa nzito. Kiyama chako kimekwisha kuja, kaka. Kilikukuta mwanzo wa baridi, nasi tulikuacha nacho peke yako. Hilo ni kosa letu. Lakini usituburute sote tuingie humo. Binti wa jirani yako atajifungua wakati tende zinaiva. Utamnyima tende mzazi?"

Haji alijipangusa macho kwa kanzu. "Na Ijumaa ikija, ikawa kweli?"

"Ikiwa kweli, utaulizwa habari ya hii chavua. Utasema uliifungia?"

Haji aliinuka kwa kujishika magoti, akaenda akalitoa komeo.

Alfajiri iliyofuata Shehe Lamin alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti: kila mwenye kamba aje na kamba, kila mwenye mikono aje na mikono, na mtu asiguse mitende yake mpaka ya wajane na wagonjwa iwe tayari. Ikawa kazi ya ujima, ya namna ambayo tulikuwa tumeisahau. Waliojaza unga majumbani walikuja wameinamisha macho, na hakuna aliyewaambia neno isipokuwa Khmais, ambaye hangeweza kujizuia hata kwa dawa. Mashada ya mwanzo yalikuwa yamekufa, hayo tuliyasamehe. Yaliyobaki tukayakimbilia, tumefunga saumu, midomo imekauka, watu wakipokezana vijiti kutoka lango la Haji mpaka mwisho wa bustani.

"Mnielewe," Khmais alisema kutoka juu ya mtende. "Ukelele ukishuka, mimi ndiye nitakayeusikia kwanza. Nitawaambia kama ni wa kweli."

Ijumaa yenyewe ikafika. Msikiti ulijaa mpaka uani. Baada ya sala wengine walikwenda kujifungia, wametia pamba masikioni. Wengine tulirudi mashambani. Haji alikuwa amefungua lango na kutoa kila karara, lakini yeye mwenyewe hakuwa amegusa mti siku zote hizo. Alasiri iliyo karibu na magharibi alikwenda kwenye mtende wa Dhahbia, akavua viatu, akajifunga kamba kiunoni.

"Kaka, una wazimu? Na saumu hiyo, na umri huo!"

"Shika vijiti, Aljia. Ukiona nafunga ovyo, nikemee."

Alipanda pole pole, akapumzika, akapanda tena. Aljia alisimama chini, maua yamejaa kwenye shuka lake. Alimpandishia vijiti kwa kamba, kimoja kimoja, na kwa kweli alimkemea. Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta, uso umesawijika kwa hofu.

"Haji! Saa ndiyo hii! Shuka ukaswali!"

"Nimeswali," Haji alijibu. "Bado shada moja."

Sitamfichia Aljia siri. Yeye aliyeucheka utabiri ule mwezi mzima alijikuta akitupia jicho mbinguni. Jua la manjano lilikuwa likizama juu ya bonde la chumvi kando ya kijiji, mahali pake pa kawaida. Khmais akakohoa ghafla nyuma ya ukuta, watu wote wakaruka, kisha bustani nzima ikaangua kicheko. Kicheko hakijaisha adhana ya magharibi ikasikika, na mikono ikaanza kutafuta maji.

Haji hakushuka mara moja. Alikaza fundo la mwisho, akafuta mikono kwenye kanzu, akageuka akiwa kule juu akaitazama mitende ya kijiji chote. Ulikuwa umepita mwaka tangu alipoiona kutoka pale.

"Aljia!"

"Naam, kaka!"

"Ya upande wa kaskazini naona haijaguswa. Kesho tunaanza kwa nani?"