Kampuni ilimwita binti yangu kwa usaili, sisi tukaipokea kama posa

Wakuu, amahoro. Mimi ni muzee wa mafuta ya mawese hapa Rumonge. Shule niliiacha mapema, mukiona herufi imekaa vibaya muisukume tu. Lakini haya yalitokea sebuleni kwangu, sikusimuliwa na mutu.

Binti yangu Zaituni alisomea génie informatique, mambo ya kompyuta, kule Bujumbura.

Kumusomesha ilikuwa kazi. Kueleza watu anasomea nini, kazi zaidi. Aliporudi na diplome, jirani akamuletea pasi iliyokufa, aitengeneze.

"Shangazi, mimi ni wa programu."

"Miaka yote hiyo chuoni, pasi inakushinda? Basi angalia hata redio!"

Nichepuke kidogo. Hapa kwetu diplome ya informatique iko kama mutumbwi muzuri usio na kasia. Kila mutu anausifu, hakuna anayepanda.

Akatuma CV mpaka akachoka. Mwishowe kampuni moja ikajibu: entretien, ndiyo usaili, kwa video.

"Baba, nikianguka hii, nakuja kuuza mawese na wewe."

Sasa wakuu, wageni wanamuulizia binti yako, wanataka kumuchukua, wanachunguza tabia yake. Kwetu binti hajisemei. Nikamuita mujomba wake, Rajabu, bingwa wa kusemea familia kwenye posa.

Akaja na kanzu mupya na wazee wawili. Tukatandika mukeka nyuma ya Zaituni. Mama yake akakaanga sambusa. Za nani? Hata leo sijui.

"Baba, tafadhali..."

"Nyamaza, mutoto," Rajabu akasema. "Bibi harusi haongei."

Picha ikafunguka. Mama mmoja wa miwani akauliza: "Zaituni, kwa nini tukuchukue wewe?"

Rajabu akakohoa, akasogea mbele. "Karibuni. Lakini binti munayemutafuta hapa hatuna. Na kama iko, wengine walishatangulia."

Munajua desturi: unakataa kwanza, mugeni anabembeleza.

Hawakubembeleza.

"Kuna kampuni ingine?" mama akauliza.

"Nyingi! Na nyinyi, ni watoto wa nani?"

Muzee mmoja akadakia, akauliza kama wana ndugu kule Gitaza.

Zaituni akafunga kompyuta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, nilikuwa na mulango mmoja," machozi yakamushuka.

Rajabu, sambusa mdomoni: "Watarudi. Anayetaka kweli anarudi."

Wapi! Zaituni mwenyewe ndiye aliwaandikia, akaomba radhi. Wakajibu: jaribu tena kesho, ila uwe peke yako.

"Watu gani wanataka binti peke yake?" Rajabu akawaka.

Kesho yake nilimupa Rajabu viatu vyake, nikatoka naye, nikafunga mulango kwa inje. Tukakaa juani, kwenye bidoni, yale madumu ya mawese. Tulimusikia ndani, safari hii anaongea Kifaransa, haraka, bila kusita. Mara akacheka. Sikuelewa hata neno, lakini moyo wangu ulitulia.

Akatoka. "Wamenichukua."

Rajabu akauliza: "Na mahari?"

Fundisho langu, wakuu: tunasomesha watoto waweze kujisemea, halafu siku ya kusema tunawakalia mugongoni.

Wenye watoto chuoni, nyinyi muliwaaibisha wapi? Semeni, nisibaki peke yangu. Rajabu naye anasoma humu. Mumutukane polepole, ana presha.